Chupa ya Mzee Rocco Hairudi Tupu

Ninyi mliokulia Bredäng, mtaa wetu wa Stockholm, kabla miti haijakua kati ya majengo, sogeeni hapa tucheke kidogo. Nasema na ninyi mnaokumbuka saruji iliyokuwa bado inanuka ubichi, lile tope la vuli lililomeza kiatu cha mtu mzima likakataa kukirudisha, na lifti iliyokwama mara kwa mara hata tukawa hatupandi bila kitu cha kutafuna mfukoni. Wajukuu zenu nao waacheni wasikilize. Watachekwa, lakini si sana.

Mimi ni Nyemo, mtoto wa Dodoma. Baba aliletwa Stockholm kujifunza ufundi wa mitambo ya simu kwa miaka miwili, na hiyo miaka miwili mnaijua wenyewe, haijaisha mpaka leo. Nilifika nikiwa na miaka saba na pengo la mbele. Katika jengo letu mtoto mweusi nilikuwa peke yangu, lakini upweke? Uongo dhambi, sikuupa nafasi. Asubuhi tunateleza kilimani juu ya sinia la Mama la wali. Mchana tunaruka ule mpira wa kiunoni uliochomolewa kwenye suruali ya mtu bila idhini yake. Jioni nawafundisha Waswidi na Wafini rede, kwa mpira wa soksi uliojazwa magazeti, nao wakaijua haraka mno, wakawa wananilenga mgongoni bila huruma. Hakuna aliyetupangia. Leo mjukuu wangu akitaka kucheza na mwenzake, mama zao wanaandikiana wiki nzima kama mabalozi.

Chakula je? Unga wa mahindi ulikuwa haupatikani, basi Mama alisonga ugali wa semolina. Ulikuwa mweupe, unang'aa, na tonge lilikuwa linakukimbia mkononi. Baba aliutazama kila siku kwa majonzi akisema, "Huu si ugali, huu ni uvumi wa ugali." Na shuleni nako tulipewa ile soseji ya damu, imekatwa vipande, imekaangwa, juu yake jamu. Siku nilipomsimulia Mama alikaa kwenye kiti kwanza. "Damu?" akasema. "Na jamu?" Kisha akafumba macho, akaniombea palepale jikoni.

Maana Mama yangu alikuwa ameokoka. Ameokoka sawasawa, si nusu nusu. Pombe kwake haikuwa na jina zuri. Alikuwa akisema, "Pombe ni mgeni asiyepiga hodi, na akitoka anatoka na mwenye nyumba." Sasa Mungu naye ana utani wake. Katika jengo zima la Bredäng, rafiki aliyempa Mama yangu alikuwa mtengeneza divai.

Aliitwa Mzee Rocco. Alikaa ghorofa ya tatu, sisi ya nne. Alikuwa mchomelea vyuma kiwandani, mjane, mfupi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezaliwa sokoni. Tulimjua kwenye lifti, ilipokwama nasi watatu ndani. Mzee akaanza kuupiga mlango ngumi na kuitukana lifti kwa Kiitaliano, ukoo wake wote. Mama, ambaye tangu tufike alikuwa hajasema neno na mtu wa jengo lile, akamwambia taratibu, kwa Kiitaliano hichohicho, atulie, mbele ya mtoto si vizuri. Ngumi ya mzee ikabaki hewani.

Kumbe Mama alipokuwa msichana, kabla ya kuolewa, alifanya kibarua kwenye misheni ya mapadri wa Kiitaliano nje ya mji wa Dodoma. Walikuwa wamepanda mizabibu yao pale kwenye ule udongo mkavu, kwa ajili ya divai ya misa. Mama alichuma zabibu, akaosha chupa, akaokota na maneno mawili matatu. Basi mle kwenye lifti maneno hayo yakatosha. Mimi nilikuwa na maandazi mfukoni. Lifti ilipotikisika na kuanza kupanda, maandazi yalikuwa yameisha na Mzee Rocco alikuwa ameshajua kusema shikamoo, ingawa mkubwa mle ndani alikuwa yeye.

Kesho yake akaleta chupa. Ilikuwa ya kijani, haina karatasi wala jina, kizibo juu. "Ya baba wa nyumba," alisema. Baba akafurahi kuliko ilivyofaa. Mama aliipokea kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya kabati, akawa anampimia Baba kiglasi kimoja kila Jumapili baada ya ibada, kama dawa ya kikohozi. Chupa ilipokwisha ndipo kazi ikaanza. Kwao Mama, na kwenu pia, msijifanye mmesahau, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Sahani imekuja na mboga, inarudi na karanga. Bakuli limekuja na uji, linarudi hata na chumvi. "Ukirudisha tupu umemwambia asikuletee tena," Mama alikuwa akisema. Sasa chupa ya divai unairudisha na nini, nawauliza?

Mama aliwaza siku mbili. Siku ya tatu akatoa rozela, yale maua makavu mekundu aliyotumiwa na shangazi kutoka nyumbani. Akayachemsha na tangawizi na karafuu, akatia sukari, akachuja, akaijaza ile chupa na kugongomea kizibo kwa mwiko. Ukiinua kwenye mwanga hutofautishi na divai hata kidogo. Kwa hiyo akafunga uzi mwekundu wa kufumia shingoni mwa chupa, ili watu wajue ipi ni ya wokovu na ipi ni ya Mzee Rocco. Mzee akaipenda rozela ile kupita kiasi. Tangu hapo chupa zikawa hazikai. Divai inapanda, rozela inashuka, na tarishi ni mimi.

Sasa hiyo divai ilitoka wapi? Hapo ndipo raha yenyewe. Kila mwaka mwezi wa Novemba, giza limeshaanza kuingia saa tisa mchana, dereva mmoja wa lori kutoka kijijini kwa Mzee Rocco, kusini kabisa mwa Italia, chini ya mlima uitwao Vulture, alikuwa akimletea makasha ya zabibu nyeusi kutoka shamba la mdogo wake, Donato. Zabibu zile zinaitwa Aglianico. Ni ndogo, zina ngozi ngumu na ukakasi kama ndizi mbichi, ukila tatu ulimi unagoma. Na mahali pa kuzikanyagia palikuwa pamoja tu penye maji, mfereji wa sakafuni na karai kubwa. Mzee Rocco alikwenda kwenye ubao wa zamu za kufulia, akapachika kikufuli chake cha kushikia zamu, akakodi kile chumba cha kufulia nguo, tvättstuga, Jumamosi nzima.

Akakusanya watoto wote wa jengo. Akatusugua miguu kwa sabuni na brashi mpaka tukalia, akatutumbukiza kwenye karai, watano watano. Jamani! Zile zabibu zinapasuka chini ya nyayo, baridi kwanza, kisha zinapata uvuguvugu, zinapenya kati ya vidole, unateleza, unamshika mwenzako, mwenzako anateleza, mnaanguka pamoja mkipiga kelele mpaka mashine za kufulia zinaitikia. Mzee Rocco anaimba. Mfini mmoja mdogo analamba goti lake mwenyewe. Kama kuna paradiso na mimi nikaingizwa, nitaomba iwe na karai. Siku hizi wajukuu zangu wakishika tope wanafutwa kwa karatasi yenye dawa, masikini, watakuwa na nini cha kusimulia?

Nyumbani sikusema kitu. Nilivaa soksi nikalala nazo. Lakini Jumatatu shuleni tulikuwa na mazoezi ya viungo, pekupeku, na mwalimu akaona nyayo zangu. Kwa wenzangu ile rangi ilifanana na wino, lakini kwangu mimi ilikuwa zambarau nzito, inatisha. Nikapelekwa mbio kwa muuguzi. Muuguzi akavaa miwani, akabonyeza, akauliza kama ninasikia ganzi, akafungua kitabu kinene cha magonjwa ya nchi za joto. Hakuuliza swali moja tu, nimekanyaga nini. Akaandika barua nyumbani.

Mama alisoma barua, akanivua soksi, akaunusa unyayo wangu. Alinishika mkono tukateremka mpaka chini, ambako Mzee Rocco alikuwa amekodi tena zamu ya jioni kwa makasha yaliyobaki, na watoto wamo ndani ya karai wanaruka. Nikajua leo urafiki umevunjika. Mama akasimama mlangoni, akatazama, pua zikimcheza.

"Mzee Rocco!" akasema kwa ukali. "Hawa watoto wanakanyaga kwa visigino!"

Mzee akababaika.

"Mbegu zikivunjika divai inakuwa chungu. Padri hakuwafundisha kwenu? Vidole, watoto! Kanyageni kwa vidole!" Na mimi akanisukuma nirudi ndani ya karai nikaonyeshe mfano. Tulipokuwa tunapanda nyumbani nilimuuliza kama si dhambi. Akafikiri mpaka ghorofa ya pili. "Mungu amekataza kunywa," akasema. "Kukanyaga hajasema."

Aliyesema alikuwa Bi Gunvor wa ghorofa ya kwanza, mlinzi wa tvättstuga aliyejiteua mwenyewe. Mswidi unaweza kumkanyaga mguu akakuomba yeye radhi, lakini zamu yake ya kufulia usiiguse. Jumanne yake Bi Gunvor aliloweka mashuka yake meupe kwenye lile karai. Alipanda ghorofa ya tatu amebeba shuka lenye mabaka ya zambarau kama ushahidi mahakamani. Mzee Rocco akamwomba radhi kwa mikono miwili, akamkaribisha makaroni, akampa na chupa. Wiki moja baadaye chupa ikawa mlangoni pa mzee, imeoshwa inang'aa, na kikaratasi cha asante. Tupu. Mama aliposikia alishika kifua. "Tupu kabisa? Masikini mama wa watu, sijui alilelewa na nani." Akamwita chai na sambusa, akaanza kumlea upya.

Ndivyo tulivyojua kwamba Bi Gunvor ana kaka, Bwana Evert, ambaye anaandika gazetini habari za vyakula na vinywaji. Na Mzee Rocco aliposikia hivyo hakuweza kulala.

Nilikuwepo alipomweleza Mama sababu. Alikuwa amepata barua kutoka kwa Donato. Wafanyabiashara walikuwa wanainunua divai ya kijiji chao kwa bei ya kutupa, wanaipakia kwa mapipa kwenda kaskazini, kule inachanganywa na divai nyepesi za watu wenye majina makubwa ili izipe nguvu. Ikifika mezani haina kwao tena. Donato alikuwa amechoka. Alisema baada ya Pasaka anang'oa mizabibu yote, mizabibu aliyoipanda babu yao, halafu naye aje Sweden kuchomelea vyuma.

"Mtu mmoja tu aandike jina lake," Mzee Rocco alisema. "Mtu mmoja, Mama Nyemo. Donato akiliona jina limeandikwa nchi za watu, hatang'oa." Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule, na Mama akamwekea chai na kukaa naye. Wakati huo mimi mwenyewe shuleni nilikuwa naitwa Nina, kwa sababu mwalimu alisema Nyemo ni gumu.

Bi Gunvor akamwomba kaka yake. Bwana Evert akakubali kuja Jumamosi moja mwezi Machi, saa sita mchana, mara moja tu, kwa heshima ya dada yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipoharibu. Ijumaa Mama alinipa chupa ya rozela nimpelekee Mzee Rocco, ina uzi wake shingoni. Mzee alikuwa anapiga deki, akaniambia niipeleke chini kwenye stoo yake, niiweke kwenye rafu ya mlangoni. Kwenye lifti nikaufungua ule uzi. Nilikuwa na ugonjwa wa ule mchezo wa kufuma uzi kwenye vidole, unatoa kitanda, unatoa daraja, unatoa nyota. Nilisema nitaufunga tena. Nimeingia stoo, naweka chupa, taa ikazimika. Mnazikumbuka taa za kule chini, zinajizima zenyewe, tik! Nikapiga yowe, nikaisukumia chupa kwenye rafu niliyoipapasa, nikatoka mbio mpaka uwanjani. Uzi ukabaki kwenye vidole vyangu. Chupa ikabaki kwenye rafu ya ndani kabisa, ile ya heshima, penye chupa tatu za vuli ya mwaka wa juzi ambazo mzee alikuwa haruhusu hata vumbi lake lifutwe.

Jumamosi tukakaa kwa Mzee Rocco: yeye amevaa suti yake ya harusi, Baba, Bi Gunvor, Mama na sinia la sambusa, na mimi kwenye kona na uzi wangu, nimetoa daraja. Bwana Evert alikuwa mrefu, mwenye kofia na kidaftari. Mzee akafungua chupa aliyoichukua gizani kwenye rafu ya heshima, kama mtu anayemfungua kizazi mwanamke mgumba. Akammiminia mgeni peke yake kwanza. Bwana Evert akaizungusha glasi, akanusa, akaonja, akaacha kuonja.

"Tangawizi?" akasema.

Mzee Rocco akacheka, akidhani ni sifa. Bi Gunvor akachukua glasi ya kaka yake, akapiga funda. "Evert," akasema, "hii ni juisi." Bwana Evert akavuta pumzi ndani, ile 'ndiyo' yao ya kuvuta ambayo mgeni anadhani mtu amepaliwa, akafunga kidaftari, akasema kwa adabu sana kwamba treni yake inakaribia. Uso wa Mzee Rocco sitausahau. Haukukasirika. Ulizimika tu.

Mama akanigeukia. Hakunitazama mimi, alitazama vidole vyangu. Uzi mwekundu. Nilitamani sakafu ipasuke, nilijua mizabibu ya babu yao imeng'olewa na mimi, kwa ajili ya daraja la uzi. Nikaanza kulia kwa sauti. Mama angeweza kunyamaza, siri ingekuwa yetu wawili. Lakini aliinuka, akatoka mbio, akamkuta Bwana Evert ameshabonyeza lifti, akasimama kati yake na mlango.

"Bwana, hujaonja bado," akasema kwa kile Kiswidi chake cha dukani. "Ulichokunywa ni changu mimi. Kosa ni la nyumba yangu, si la huyu mzee. Sasa shuka na sisi chini. Kwa ngazi."

Nawaambia, Mama yangu alikuwa mwembamba, lakini sauti ile iliwahi kurudisha ng'ombe waliokwishavuka korongo. Bwana Evert alishuka. Tukashuka wote kwa foleni mpaka stoo, yeye amevaa kofia yake, mimi nafuta kamasi nyuma.

Mzee Rocco akaishika chupa ya kwanza kati ya zile tatu. Akaifungua, akataka kumimina.

"Ngoja," Mama akasema. Akaichukua, akaisogeza puani. "Hii imechacha. Ya kuwekea kachumbari." Akaiweka chini. Bwana Evert akainamia shingo ya chupa, akanusa naye, akarudi nyuma amefinya uso.

Ya pili ikafunguliwa. Mama akanusa. "Hii haijapoa. Bado ina hasira."

Ya tatu. Kizibo kikatoka na taa ikazimika, tik! Giza totoro. Bi Gunvor akaanza kupapasa ukuta. "Taa ya nini?" tukasikia sauti ya Mama gizani. "Pua haihitaji taa. Tulieni." Tukatulia. Nilimsikia anavuta pumzi polepole, mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu akaguna kidogo, kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu yake njiani. Mimi nikabonyeza taa, na Mama alikuwa amefumba macho, machozi yanamteremka.

"Hii ndiyo," akasema. "Zambarau zilizoiva mpaka zimeanguka, na viatu vipya vya ngozi. Ndivyo stoo ya padri ilivyonukia."

Glasi tuliziacha juu. Bi Gunvor akakimbilia tvättstuga, akarudi na kikombe chake cha bati cha kahawa. Bwana Evert akanywea humo, mtu wa gazeti, amesimama kati ya baiskeli na viatu vya kutelezea. Akanywa tena. Akavua kofia. Akamtazama Mzee Rocco, akauliza, "Inaitwaje?"

Hilo ndilo swali mzee alilokuwa akilisubiri miaka yote, na lilipokuja, sauti haikutoka. Alishika ukuta tu. Basi Mama akajibu.

"Aglianico. Toa kidaftari. Andika vizuri, ni jina la watu." Akamtajia herufi moja moja, akamsimamia kama mwalimu. Kisha Bwana Evert akataka kujua Mama kajifunza wapi, na kwa nini haonji. Mama akasema, "Dodoma," naye akaandika na hilo. "Na sinywi. Mungu amekataza kunywa. Kunusa hajasema." Baba alicheka mpaka akakalia ndoo.

Habari ilitoka gazetini, ndogo tu, karibu na chemshabongo. Mzee Rocco alinunua nakala zote za kioski cha kituoni, akamtumia Donato moja. Donato hakujua Kiswidi hata neno, lakini jina la zabibu zake alilisoma, akalibandika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria. Aling'oa nusu ya shamba. Nusu akaiacha. Na Mama Jumatatu alinishika mkono mpaka darasani, akaomba chaki, akaandika ubaoni NYEMO, akamwambia mwalimu asome. Mwalimu akasoma. Halikuwa gumu hata kidogo.

Sasa njooni leo. Nakaa Farsta, mtaa mwingine wa Stockholm, goti langu linanitabiria theluji. Mwezi juzi niliingia duka la serikali la vinywaji, na pale rafuni, usawa wa macho, si chini kwenye kona, imesimama Aglianico ya Vulture. Ina karatasi yenye dhahabu. Ina bei, loo, Mzee Rocco angeanguka. Kijana mmoja mwenye ndevu za kupakwa mafuta akanijia, akanieleza kwamba divai hii sasa inasifiwa sana, ina moshi, ina volkano, ina cheri nyeusi, na inahitaji kupumua. Nikamwambia, mwanangu, mimi niliikanyaga. Akanitazama miguu. Akaniuliza kama nina programu yao kwenye simu.

Si kwamba nawachukia. Wanajua mambo, wanaipiga picha, wanaipa nyota nne, wanaandikia watu wasiowajua. Ila hakuna aliyenusa gizani. Na chupa zikiisha wanazibeba hadi kwenye lile pipa kubwa la kijani la uani, wanazitumbukiza moja moja, kra, kra, zote tupu, na jirani anapita pembeni ameziba masikio yake na nyimbo zake. Jina limepanda, nashukuru Mungu limepanda. Ila kwenye ngazi hakuna tena chupa inayopanda wala inayoshuka.

Mzee Rocco alirudi kwao alipostaafu, akalala huko chini ya mlima wake. Mama tulimzika hapahapa, siku ya baridi kali, hajaonja tone mpaka mwisho. Siku ya msiba Bi Gunvor alipanda ngazi, mzee tayari, amebeba bakuli la Mama alilokaa nalo sijui miaka mingapi. Alilifunika kwa kitambaa. Ndani lilikuwa limejaa sambusa, zimepinda, zimeungua, amezipika mwenyewe. Nililia pale mlangoni kuliko nilivyolia kaburini.

Ile chupa niliyoinunua siku ile nimeimaliza na mume wangu, kiglasi kimoja kila Jumapili. Nikaiosha. Mikono ikaenda yenyewe, sikuituma. Nimechemsha rozela na tangawizi na karafuu, nimechuja, nimeijaza, nimegongomea kizibo kwa mwiko, na uzi mwekundu nimeufunga shingoni, safari hii kwa mafundo mawili. Ipo hapa mezani mbele yangu. Imejaa mpaka juu, nami nimeshavaa viatu, na ndipo nilipokumbuka kwamba kule Bredäng, ghorofa ya tatu, hakuna tena mtu wa kumrudishia.